Transista ya Tisa

Niliondoka Bugarama asubuhi moja ya kiangazi bila kumuaga mtu na bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa darasa la tano, si kwa sababu ya fimbo, bali kwa sababu mwalimu wa sayansi alishindwa kunieleza sauti ya mtu inaingiaje kwenye waya na kutoka upande wa pili ikiwa kubwa zaidi. Alisema hilo ni swali la darasa la saba. Nikaona siwezi kusubiri. Asubuhi hiyo nilikuwa natoka kukata majani ya mbuzi, nikakuta lori la maharage limesimama barabarani linapoza injini. Nikaweka panga chini ya mgomba, nikapanda juu ya magunia. Mama aliliokota panga jioni. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alilia kidogo kwa ajili yangu na kidogo kwa ajili ya mbuzi.

Nayaandika haya kwa ajili yenu, mafundi vijana wa Nyakanazi, mliozoea kuniona kwenye kibanda changu nyuma ya stendi nikiwa nimeinamia bodi ya redio. Mwezi uliopita nilikifunga. Macho hayaoni tena kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka, na fundi asiyeona kiungo ni kama mpishi asiyesikia harufu. Sitawaeleza nilipata nini wala nilipoteza nini. Nitawaeleza kazi. Ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisema, na nitalifikia mahali pake.

Lori lile liliniteremsha Nyakanazi kwa sababu dereva aligundua kwamba mimi si mtoto wa mwenye mzigo. Nilizunguka njia panda nikila harufu za vibanda vya chakula, mpaka nikasikia mngurumo. Ulikuwa mngurumo wa chini, usiokatika, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani. Niliufuata. Ulitoka kwenye kibanda cha mabati ambako mtu mrefu, mwembamba, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku la bati lisilo na kifuniko.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Hicho kinachonguruma ni nini?"

Aliniangalia kuanzia miguuni. "Umetoka wapi?"

"Bugarama."

"Bugarama hakuna vitu vinavyonguruma?"

"Hakuna, Mzee."

Alicheka kwa pua. Alichomoa kitu cheusi, mviringo, chenye miguu miwili, akaunganisha kingine mahali pake, na mngurumo ukakatika. "Hii ni kapasita," akasema. "Kazi yake ni kutuliza umeme, kama mtungi unavyotuliza maji ya mto. Hii ya zamani imekauka. Kaa hapo. Ikinguruma tena, niambie." Nilikaa mpaka jioni. Haikunguruma tena. Kesho yake nilirudi, na nikaendelea kurudi kwa miaka tisa.

Huyo ndiye Mzee Kagoma, Msubi wa upande wa Biharamulo. Alikuwa anatengeneza redio kama mafundi wengine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye amplifaya, mashine za kukuza sauti. Hakuwa mrekebishaji tu. Alikuwa anaziunda mwenyewe, kuanzia sanduku mpaka skrubu ya mwisho.

Historia ya amplifaya nilifundishwa naye, na nitawapa kama alivyonipa, bila vitabu. Akiwa kijana aliajiriwa kufagia kwenye misheni, na pale palikuwa na amplifaya ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka kwa ndani. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na ilitaka ipashwe moto kwanza kabla haijasema neno. Alisema Jumapili za mvua watoto walikuwa wanaigombea kwa joto lake. Baadaye zikaja amplifaya za transista, vidude vidogo vilivyochukua kazi ya vali. Transista za kwanza zilikuwa za madini yasiyopenda joto. Ukiziacha juani na redio inaimba, jioni unazika. Halafu zikaja za silikoni, zile za chuma zenye matundu mawili ya skrubu, sisi tuliziita kofia kwa umbo lake. Hizo zilivumilia. Wataalamu wa huko mbali wakaona wanaweza kuitoa transfoma kubwa iliyokuwa kati ya amplifaya na spika, na mzigo uliobebwa na watu wawili ukabebwa na mtu mmoja kwa mkono wa kushoto.

Hatukujua majina ya wataalamu hao. Tuliwajua kwa mikono yao. Mzee Kagoma alikuwa akifungua amplifaya iliyoungua ananiita: "Bugarama, njoo umsome huyu." Ananionyesha jinsi waya zilivyofungwa kwa uzi, mafundo yote sawa. "Huyu alikuwa na mke mvumilivu." Nyingine ina skrubu za aina nne tofauti. "Huyu alikuwa anaunda Ijumaa, anataka kwenda nyumbani." Nikajifunza kwamba ndani ya kila sanduku kuna mtu.

Yeye mwenyewe alisomeka hivi: sanduku la bati la mafuta ya kula lililokunjwa pembe kwa nyundo ya mti, bamba la kupozea la alumini aliyoiyeyusha kutoka kwenye sufuria zilizotoboka na kuimimina kwenye kalibu ya udongo, na chini ya kifuniko, namba ya amplifaya hiyo kwa rangi nyekundu ya kucha. Wakati ule nguzo za umeme hazikuwa zimefika kwetu. Amplifaya za madukani zilitaka umeme wa ukutani, na kuta zetu hazikuwa nao. Za Mzee Kagoma ziliendeshwa na betri mbili za lori zilizofungwa mkia kwa kichwa, na Nyakanazi haijawahi kukosa lori. Kwaya zilizitumia, minada ya ng'ombe ilizitumia, na wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga walizibeba kwenye baiskeli mpaka kwenye ngoma zao za mavuno. Mmoja alirudi na yake baada ya mwaka, imejaa vumbi jekundu, akasema, "Fundi, ledio yako haifi. Nimeichoka, nipe kubwa zaidi."

Mambo machache ya kazi niyataje hapa nisije nikayasahau. Mteja akisema "iliacha yenyewe tu," fungua utafute sisimizi au maji ya uji. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya kung'aa ya sigara ni barua kutoka kwa fundi aliyekutangulia, inakuambia hataki kukutana nawe. Kijikaratasi cha maika, madini yasiyopitisha umeme, kinachokaa kati ya kofia na bamba kina upana wa kucha, na ukikisahau, sanduku zima linakuwa na umeme na mwimbaji wa kwanza kushika maiki atajua kabla yako. Na usiamini mkono wako kwamba bamba halijapata moto. Liwekee mate.

Sasa kofia zenyewe. Tulizipata wapi? Nyinyi wadogo hamkuziona kambi za wakimbizi kule Ngara. Zilipofungwa, mashirika yaliacha vifaa vibovu, na vifaa hivyo vikapigwa mnada kwa mafungu: vipaza sauti, chaja, mitambo ya redio. Mzee Kagoma alinunua fungu zima ambalo wenzake waliliita takataka. Ndani mlikuwa na kofia halisi, nzito mkononi, zilizotengenezwa na watu wasiotania. Alizing'oa moja moja, akazipima, akazipanga kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mkebe ule ulitulisha miaka mingi. Siku moja aliuinamisha, ikadondoka moja tu.

Tukaanza kununua dukani, Kahama au Mwanza. Hapo ndipo ikazaliwa sheria yake ya kofia ya tisa. Kofia bandia zilikuwa zimeshaingia, na kwa nje huwezi kuzitambua, maandishi ni yale yale. Tofauti iko ndani. Ukiikata kichwa kwa msumeno wa chuma, halisi ina kipande cha silikoni kikubwa kama punje ya dengu. Bandia ina kipande kama punje ya ulezi. Kwa sauti ndogo zote zinaimba sawa. Ukiongeza sauti, ile ya ulezi inaungua. Kwa hiyo, tukitaka kofia nane, tulinunua tisa za kasha moja, na ya tisa ilikatwa kichwa kabla nyingine hazijaguswa. Mafundi wenzake walimcheka. "Kagoma anachinja vitu vizima!" Yeye alijibu, "Nachinja moja nisichinjwe mimi."

Ikafika kazi ya namba thelathini na moja. Parokia moja ya Biharamulo ilikuwa na tamasha la kwaya, kwaya kumi na nne, na walikuwa wameazima jenereta. Mwalimu wa kwaya, Mama Veneranda, alikuja mwenyewe kibandani.

"Mzee Kagoma, nataka mlima mzima usikie."

"Mlima hauna masikio, mama."

"Yataota siku hiyo."

Kwa miaka minne Mzee Kagoma alikuwa amechora amplifaya ya aina mpya kwenye daftari la hesabu lenye kurasa tisini na sita. Ilikuwa ya umeme wa pande mbili, chanya na hasi, isiyo na ile kapasita kubwa inayokaa kabla ya spika na kula sauti nzito. Mchoro ulikuwa wake. Aliufuta na kuuchora mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Hakuwa amewahi kupata nafasi ya kuuunda kwa sababu ulihitaji jenereta, na sisi tulikuwa watu wa betri. Alimwambia Mama Veneranda atampa. Halafu akanituma mimi Mwanza kununua kofia, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa unamsumbua.

Nilizinunua tisa. Nilikuwa na msumeno kwenye begi, aliniwekea mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi za duka nikaishika ile ya tisa, ikiwa mpya, inang'aa, na sikuweza kuikata. Nilikuwa naunda amplifaya yangu ya kwanza kwa siri, nimeificha chini ya kitanda, na ilikuwa imepungukiwa kofia moja. Moja tu. Nilijiambia kwamba duka ni kubwa, mwenye duka ana miwani, kasha lina maandishi yaliyonyooka. Nikaitia mfukoni, nikaenda kuangalia meli zikipakia, maana tangu utotoni siwezi kupita kitu kinachofanya kazi bila kusimama.

"Umekata?" Mzee Kagoma aliniuliza nilipofika.

"Nimekata kule kule dukani."

"Ndani ikoje?"

"Dengu."

Hakuuliza mara ya pili. Alizichukua zile nane akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Namba thelathini na moja ilikuwa nzuri kuliko zote. Tuliijaribu kibandani siku mbili kwa sauti ndogo, kwa sababu kijenereta tulichoazima hakikutosha kuisukuma mpaka mwisho. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, macho kafumba, akasema sauti nzito inatoka kama mtu anaingia nyumbani kwake. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kitu chochote.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Watu walikuja kutoka vijiji ambavyo sikuwahi kuvisikia. Kwaya ya kwanza iliimba, ya pili ikaimba, na kweli nadhani mlima ulisikia. Mzee alikuwa amevaa koti. Kwaya ya tatu ilikuwa ya Mama Veneranda mwenyewe. Walipofika kwenye kiitikio, wakiwa sauti zote nne pamoja, spika zilitoa mlio kama gunia linachanika, na moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye sanduku, taratibu, mbele ya altare ya nje, mbele ya paroko na wageni wake.

Halafu mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Jamani, leo ubani unatoka kwenye amplifaya!"

Watu walicheka kicheko ambacho sijakisahau. Wenye nia njema walicheka. Hata waimbaji walicheka wakijiziba midomo. Mzee Kagoma alikwenda kuzima jenereta, akarudi akasimama kando ya sanduku lake kana kwamba ni mgonjwa. Kwaya zilizobaki ziliimba kwa vifua. Spika za kukodi zilikuwa zimeungua zote nne.

Usiku ule niliikata ile ya tisa, peke yangu, nyuma ya choo. Ulezi. Niliitupa shimoni na msumeno karibu niutupe nao.

Ilinibidi niseme asubuhi. Nilikuja nikiwa nimejiandaa. Nikamkuta ameifungua thelathini na moja mezani, na daftari limefunguliwa kando yake. Alikuwa anafuatisha kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kosa liko kwenye mchoro," alisema.

"Mzee..."

"Wewe ulikata, ukaona dengu. Kofia ni nzima. Waya nimefunga mwenyewe. Kilichobaki ni mchoro. Nimetafuta kosa tangu alfajiri silioni. Unajua maana yake, Bugarama? Maana yake kosa ni mimi."

Alikuwa amenipa mlango, na ulikuwa wazi. Nilitazama mikono yangu. Nilimwogopa, kweli, lakini zaidi niliogopa kwamba hatanifundisha tena. Nikasema, "Pole, Mzee." Hilo ndilo neno nililosema.

Wiki mbili hivi baadaye alichoma daftari. Alilichoma mchana, nje ya kibanda, kwenye jiko la magunzi ambalo mama ntilie alikuwa anaandalia chai. Alichana karatasi moja moja. Mama ntilie akamwambia, "Mzee, si ungenipa nifungie vitumbua?" Akamjibu, "Vitaungua." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, mikono mitupu.

Jina la Ubani lilishika. Nyakanazi ni njia panda, jina likitamkwa pale asubuhi, jioni liko Kahama na Rusumo. Madereva walipiga honi: "Ubani! Leo hakuna misa?" Alivumilia msimu mmoja. Halafu akanikabidhi funguo, meza, mita, kalibu ya udongo. "Mikono yako haina kosa," akaniambia. "Mimi nakwenda kulima." Aliniagiza thelathini na moja niitupe kwenye shimo la taka. Sikuitupa. Niliifunga kwenye gunia nikaiweka juu ya kenchi za kibanda, na hapo ikakaa zaidi ya miaka ishirini, juu ya kichwa changu, siku zote nilizofanya kazi.

Amplifaya yangu ya siri sikuimalizia. Na sikuunda nyingine. Nilikuwa mrekebishaji. Mnajua yaliyofuata kwa sababu mengine mmeyaona. Kofia za chuma ziliondoka, zikaja transista bapa za plastiki. Halafu amplifaya nzima ikaingia kwenye kidude kimoja chenye miguu mingi kama tandu. Na sasa kuna bodi zinazokuja zimefungwa kwenye pakiti, nyepesi kama biskuti, zenye nguvu kuliko sanduku la vali la misheni, wala hazipati moto. Zikifa, zinatupwa. Sizichukii. Nilizifungua nyingi kuliko ilivyohitajika, nikitafuta mtu ndani. Yumo, lakini amekaa mbali sana.

Nilizunguka pia, siwezi kudanganya. Nilifunga kibanda miezi mizima nikaenda kuangalia mitambo ya kupasua mbao, mashine za umwagiliaji, studio ya kurekodi kwaya. Popote nilipokwenda sikupita njia ya kijijini kwa Mzee Kagoma. Salamu zake nilizipata kwa watu: mke amefariki, analima mihogo, anaishi na bintiye Leokadia. Nilituma salamu na sukari. Sukari ni rahisi kutuma.

Mwezi uliopita, nilipokuwa naondoa vitu kibandani, nililiteremsha gunia. Wiki hii nililibeba mgongoni, nikapanda gari la Biharamulo, nikashuka, nikapanda pikipiki mpaka njia ilipoisha.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mwembamba zaidi, miguu kwenye jua. Leokadia, ambaye nilimjua akiwa binti wa kusuka ukili, sasa ni mwanamke mwenye mvi mbili tatu. Alinitambua kwanza.

"Baba, ni Bugarama!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bado unasikiliza ngurumo?"

"Nimestaafu, Mzee."

"Nani alikupa ruhusa?" Akacheka kwa pua, kama siku ya kwanza, na nikatamani niishie hapo. Leokadia alileta uji wa ulezi. Niliushika bila kunywa. Nikaufungua mdomo wa gunia, nikaitoa thelathini na moja, nikaiweka mbele ya miguu yake. Nikamwambia yote: ngazi za duka, ya tisa mfukoni, neno "dengu," shimo la choo. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama.

Mzee akamwambia Leokadia alete msumeno wa chuma uliokuwa darini. Leokadia alishikilia sanduku, mimi nikang'oa kofia moja kwenye bamba, na yeye akasema, "Leta. Nakata mwenyewe." Ilichukua muda. Vumbi la chuma lilianguka kwenye suruali yake. Kichwa kilipotoka, akaisogeza ile kofia iliyo wazi karibu sana na jicho, akaielekeza juani.

"Ulezi," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kata nyingine."

Nilikata saba zilizobaki. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kizingiti. Halafu akainama kwenye sanduku, akaanza kupitisha kidole kwenye waya zake, kutoka kwenye transfoma, upande wa chanya, upande wa hasi, mpaka kwenye tundu la spika. Alirudia mara mbili.

"Kwa hiyo mchoro ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Kwa hiyo ningeendelea."

Leokadia aligeuka akaangalia mihogo.

"Nilikuwa na thelathini na mbili kichwani," alisema. "Ilikuwa nzuri kuliko hii. Sasa hivi naitafuta, siioni." Aligusa paji la uso, kwa utulivu, kama mtu anayeonyesha mlango. "Ungesema ile siku nachoma daftari, ningekupiga. Halafu tungekula. Halafu tungenunua kofia nyingine."

"Naomba unisamehe, Mzee."

"Hapana," alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anavyokataa mtu sukari kwenye chai. "Labda Leokadia atakusamehe nikishaondoka. Mimi muda sina." Akafikiri. "Kuna kitu kimoja unaweza kufanya. Waambie. Wote waliosema Ubani, na mafundi wote wa Nyakanazi."

"Nitawaambia leo leo. Nitasimama stendi."

"Usiwaambie kwa mdomo. Mdomo wako nimeshausikia ukisema umekata. Andika. Weka jina langu lote, wasome wenyewe."

Nilijitolea kuuchora upya mchoro kutoka kwenye zile waya, nimwachie nakala. Akaweka mguu wake juu ya sanduku. "Hii inabaki kwangu," akasema.

Kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya, walau mpaka barabarani. Mzee Kagoma hakuinuka. Leokadia alikuja nami mpaka penye ua wa minyaa, akasimama.

"Baba mdogo," aliniambia, "mwanangu aliacha kwenda shule muhula mzima. Walikuwa wanamwita mjukuu wa Ubani." Alirudi ndani.

Nilipata lori la mbao lililokuwa linakwenda kusini. Lilisimama Nyakanazi kwa dakika kumi, dereva ale. Niliwaona baadhi yenu kwa mbali, mmeinamia bodi zenu. Sikushuka. Niliona siwezi kukanyaga pale kabla karatasi hii haijanitangulia. Dereva alirudi akijichokonoa meno, akauliza, "Mzee, unashukia wapi sasa?" Nikamwambia anishushe pale injini yake itakapochoka.

Alinishusha kwenye kijiji kilicholetwa na lami juzi juzi, nyumba bado zina harufu ya saruji. Sikukijua jina. Kulikuwa na nyumba moja ya wageni, vyumba sita, na mama mwenye nyumba alikuwa anaanua shuka.

"Karibu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Chumba kipo?"

"Vipo vyote. Unataka chenye feni?"

"Nataka chenye meza."

"Meza hakuna, mzee. Watu hapa wanalala tu." Alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu. "Meza ya nini?"

"Ya kuandikia."

Alifikiri, akaingia jikoni, nikasikia akiondoa vyombo. Alitoka amebeba meza ndogo ya kukatia mboga, bado ina maji, akaifuta kwa shuka aliyokuwa ameianua, akaniwekea kando ya kitanda. Akanipa na kalamu yake ya kitabu cha wageni, akaniomba nisiondoke nayo.

Nilikaa kitandani. Nikaandika kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa ili msome hata mkiwa mnapita: Mathias Kagoma, mtengenezaji wa amplifaya.